Mgeni Hafagii

Yule dada wa ubalozini aliniuliza nina uthibitisho gani kwamba nikiingia Ulaya nitatoka. Aliuliza kwa upole, nyuma ya kioo kinene, akiangalia karatasi zangu na si uso wangu. Nilimpa barua ya likizo kutoka shule ninayofundisha, Nzega. Nikampa na hati ya kiwanja changu ambacho hadi leo kina tofali chache na nyasi nyingi. Alizipanga vizuri, akauliza tena: "Una mume? Watoto?" Nikasema sina. Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Uthibitisho wa kweli sikumpa kwa sababu usingeingia kwenye bahasha. Ulikuwa Ntalikwa, pembezoni mwa mji wa Tabora, nyumbani kwa mama yangu. Kulikuwa na chumba changu pale, nyayo zangu za asubuhi niliyoondoka bado ziko kwenye vumbi la sakafu, na ufagio umechomekwa juu kwenye boriti, ambako hakuna mtu wa kuugusa mpaka nirudi.

Sisi ni ukoo wa wapagazi. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, akarudi na nguo na shanga za watu wengine, akaenda tena. Wapagazi walitembea nchi nzima kiasi kwamba kwetu nyumbani ikazuka mila ambayo majirani hawana na ambayo shemeji zetu wanaiita uchafu. Mtu akisafiri, chumba chake hakifagiwi. Nyayo zake za mwisho zinaachwa zilivyo. Akirudi, kabla hajanawa mikono ale, anashusha ufagio na kufagia mwenyewe, na hapo ndipo safari inapokwisha. Nilipokuwa nasoma bweni nilikuta vumbi la miezi mitatu kila likizo. Nilikuwa nafagia huku napiga chafya na mama amesimama mlangoni anacheka.

Mtu mwingine anaruhusiwa kufagia kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni kifo. Ya pili bibi alikuwa anatusimulia akibangua karanga. Babu wa babu alikuwa na kaka yake, mpagazi vilevile. Huyo alifika Bagamoyo akapata mke na nyumba, na msafara ulipogeuza kurudi bara, yeye hakugeuza. Alituma ujumbe kwa wenzake: "Mwambieni mke wangu afagie." Wakamwambia. Mwanamke yule alifagia siku hiyohiyo, na kabla jua halijazama mbuzi walikuwa wameshafungiwa mle ndani. Bibi akifika hapo alikuwa anasonya, kana kwamba jambo lenyewe limetokea juzi na yeye ndiye aliyefagia.

Nasema haya mapema ili mtu asije akanitetea huko mbele. Hadithi niliijua.

Nimefundisha jiografia miaka kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo nimeshika fimbo mbele ya ramani, nikigonga Mto Ganga, nikigonga milima ya Alpi, nikisema "theluji" kwa sauti ya mtu aliyewahi kuikanyaga. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Darasa likacheka. Sikumwadhibu, ila swali lilinikaa. Nikaomba likizo bila malipo ya miezi mitano, nikanunua begi la mgongoni lenye mikanda ya kiunoni na kifuani, nikaenda kuaga nyumbani.

Kuaga kulikuwa kazi kuliko safari yenyewe. Kwetu mtu anasafiri kwa sababu. Kuna msiba, kuna harusi, kuna masomo, kuna mgonjwa. Majirani waliniuliza nakwenda kwa nani.

"Siendi kwa mtu," nikasema.

"Yaani huko utakakofikia, mwenyeji wako nani?"

"Sina mwenyeji."

Waliniangalia kwa huruma, na mmoja akamwambia mama kwa Kinyamwezi, akidhani nimesahau lugha, kwamba watoto wasioolewa wakisoma sana huwa hivi. Mama alinifungia matobolwa kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, akajaribu begi langu kwa mkono mmoja, akasema, "Mzigo huu ni mwepesi. Babu zako wangekucheka." Halafu akaomba sala fupi ya Kimoraviani, ya Bwana awe mbele na nyuma, na nilipotoka nikamsikia akiuchomeka ufagio kwenye boriti.

Tulikubaliana nitapiga Jumapili. Mama ana simu ndogo ya kitochi isiyo na intaneti, kwa hiyo mdogo wangu anayekaa Cheyo, mjini, alikuwa anapanda bodaboda baada ya ibada, anakwenda Ntalikwa na simu yake kubwa, na mimi napiga. Kila Jumapili mama aliuliza neno moja.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Haya. Chumba kipo."

Basi. Mengine yalikuwa ni hali ya mvua na nani amekufa.

India niliingia kupitia Delhi, na siku ya kwanza nilidhani nitakuwa na marafiki wengi, maana kila mtu aliniangalia. Waliniangalia kwenye foleni, dirishani, ndani ya hekalu, mama mmoja alisimamisha familia nzima ili waniangalie vizuri. Waliniomba picha. Nimo kwenye simu za watu wengi sana kule, nimesimama katikati ya ndoa na watoto wasionijua, nikitabasamu. Walipomaliza kupiga walisema asante na kuondoka na picha. Mimi nikabaki palepale na begi langu.

Kule stesheni ndiko nilikokutana na ndugu. Wapagazi wa stesheni ya Delhi wanavaa mashati mekundu, na wengi wao ni wazee. Mmoja alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanyoosha kidole kwenye begi langu. Nikakataa. Akasema kitu, wenzake wakacheka, na kwa jinsi walivyocheka nikajua nimetaniwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitania tangu nitoke Tabora. Halafu akachukua kitambaa begani, akakisokota, akakizungusha, akakiweka kichwani. Ngata. Ngata ileile ambayo mama anaweka kichwani akienda kisimani, imesokotwa kwa mkono uleule wa kulia. Nilimpa begi bila kusema neno. Alilipandisha juu ya masanduku mawili ya mtu mwingine akaondoka kwa ule mwendo wa kukimbiakimbia, magoti yamekunjwa kidogo, ambao bibi alikuwa anatuigizia uani na kikapu kichwani. Nikamfuata nyuma nikiwa mikono mitupu, mjukuu wa mpagazi anayebebewa, na machozi yananitoka katikati ya watu. Nilitamani kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, na ilikuwa Jumatatu.

Nililibeba neno hilo siku sita. Jumapili nikalitoa.

"Alikuwa na ngata?" mama akauliza.

"Alikuwa nayo."

"Basi huyo ni mtu wetu. Ulimsalimia?"

Nikamwambia nilimsalimia. Sikumsalimia, nilikuwa nalia.

Katika mji wa Banaras niliona Ganga, mto niliougonga kwa fimbo miaka kumi na moja. Ni mpana na una rangi ya chai ya maziwa. Watu walikuwa wanaoga na kusali upande mmoja, na hatua chache mbele wanachoma maiti zao mchana kweupe, ndugu wamesimama kimya kwa foleni ya kwao. Nilikaa kwenye ngazi nikala matobolwa mawili ya mwisho. Nilipanga kuyatunza mpaka Ulaya, lakini siku ile nilihitaji kitu cha kutafuna kinachotoka kwa mtu ninayemjua. Mzee aliyekaa jirani alinyoosha mkono, nikampa kipande. Alikitafuna muda mrefu, matobolwa hayaliwi haraka, kisha akatikisa kichwa kwa ule mtikisiko wao ambao si ndiyo wala si hapana, akaenda zake. Ukiniuliza rafiki yangu wa India ni nani, nitakutajia hao wawili. Majina yao siyajui.

Ulaya ilikuwa kinyume. Kule hakuna aliyeniangalia. Nilisema habari za asubuhi kwa dereva, kwa muuza mkate, kwa mwanamke tuliyelala naye vyumba vinavyopakana siku nne. Walijibu kwa adabu na macho yao yakapita juu ya bega langu. Kwenye treni watu wanaweka mkoba kwenye kiti cha pembeni na kuuachia nafasi yake, na ukisimama karibu wanauondoa mara moja, wanaomba radhi, halafu mnakaa bega kwa bega saa tano bila neno. Mimi natoka mahali ambapo ukikaa na mtu kutoka Tabora mpaka Nzega unashuka ukijua mtoto wake wa tatu anasumbuliwa na nini. Nilianza kuongea peke yangu kwa Kiswahili, kwanza taratibu, baadaye bila hata kujificha. Nilijipa pole nikijikwaa. Nilijikaribisha chakula.

Sitaki kuwa mwongo. Niliona vitu vizuri. Niliona kanisa ambalo dari lake lilinifanya nisahau kufunga mdomo. Niliona milima ya Alpi asubuhi moja, na kweli iko kama nilivyokuwa nasema darasani, ila nilikuwa nasahau kuwaambia kwamba inanyamaza. Kitu kizuri ukikiona peke yako kinakuwa na uzito. Unakibeba mchana kutwa unatafuta mahali pa kukitua, na watu wote wana mizigo yao.

Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye mji mdogo wa milimani, Austria. Theluji bado ilikuwepo. Nilikuwa nimekaa siku tisa bila kuongea na mtu zaidi ya "tafadhali" na "asante," na nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mtu wa kuielekezea. Jumapili asubuhi nilimwona bibi mmoja akifagia theluji mbele ya mlango wake, kwa ufagio wa kawaida kabisa, wa njiti. Alifagia nyayo zote, za mpita njia, za mbwa, na zangu nilizoacha jana yake nilipopita kununua mkate. Nikamwamkia. Akaitikia kwa kichwa akaendelea. Sijui kwa nini jambo lile liliniumiza. Bibi wa watu alikuwa anasafisha kwake.

Nikapiga simu nyumbani nikiwa nimesimama palepale kwenye baridi. Mdogo wangu aliipokea, akasogea mbali na mama, nikamsikia akitembea juu ya majani makavu.

"Dada, mama anakohoa," akasema. "Wiki ya pili sasa. Mlango wa chumba chako hauzibi, upepo ukivuma vumbi lote linahamia kwake. Nimemwambia tufagie, hataki hata kusikia. Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye chumba."

"Mpe simu."

Mama akaja. "Bado?" akauliza, na akakohoa.

Ningeweza kusema "bado" na kumsihi anywe asali na tangawizi. Ningeweza kusema nakuja. Nilisema, "Mama, fagieni hicho chumba."

Nikamsikia jogoo wa Ntalikwa anawika, kule ilikuwa mchana.

"Umesema?"

"Fagieni. Mila gani hii ya kukaa mnavuta vumbi? Watu wazima mnaugua kwa sababu ya nyayo! Fagieni tu."

"Haya," mama akasema. "Tumesikia." Kisha akamrudishia mdogo wangu simu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Nilijiambia nimefanya hivyo kwa ajili ya kifua chake. Ni kweli, nusu yake. Nusu nyingine siipendi lakini nitaisema. Siku tisa hakuna aliyeniumiza wala kunifurahisha, nilikuwa nataka mtu mmoja duniani asikie uchungu kwa sababu yangu. Aliyekuwepo kwenye simu alikuwa mama.

Jumapili iliyofuata nilingoja swali langu. Mama akasema, "Hujambo? Wenyeji wako hawajambo?" Nikamkumbusha kwamba sina wenyeji. "Ah, vizuri," akasema. "Na chakula cha huko unakipenda?" Jumapili nyingine akauliza hali ya hewa. Hakuuliza tena "bado." Mdogo wangu aliniambia kikohozi kimepungua na chumba kinang'aa, na nikasema vizuri, na nikakata simu, nikakaa kwenye kitanda cha hosteli ya watu sita nikiwa peke yangu ndani yake. Niliishi miezi miwili na zaidi hivyo. Nilikuwa nimezoea kuwa mpweke kama mtu aliyeko njiani. Sasa nilikuwa mpweke kama mtu asiyesubiriwa, na tofauti yake nilikuwa siijui.

Nilirudi mwezi wa sita. Kutoka Dar nilipanda ile treni ya zamani, ya polepole, kwa makusudi, maana reli inaifuata njia ya misafara na nilitaka kupita walikopita wale wa pembe za ndovu. Manyoni, Itigi, kisha ule msitu mrefu usio na maji uliowaua wengi wao. Tura. Goweko. Ndani ya behewa mama mmoja aliniuliza ninakotoka, ninakokwenda, kwa nini sijaolewa na kama mdogo wangu naye hajaolewa, vyote kabla hatujavuka kituo kimoja. Nilimpenda yule mama kama ndugu. Nilimwambia narudi nyumbani na kwamba kazi yangu ya kwanza itakuwa kufagia. Nilijua kimeshafagiwa. Lakini wiki kumi na mbili zilikuwa zimepita, nikajipa moyo kwamba vumbi la Tabora halihitaji hata mbili.

Mama alikuwa uani anapembua maharage. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu sana. Pole na safari."

Akanishika mkono. Kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyomshika mchungaji. Kisha akaingia ndani akatoka na kile kiti cha mbao chenye mto wa kufuma, akakiweka kivulini, akasema nikae. Akamtuma binti wa jirani dukani. Binti alirudi na soda.

Sijawahi kununuliwa soda nyumbani kwa mama yangu. Soda ni ya mgeni. Nikaishika ile chupa ya baridi na sikujua niifanye nini, nikainywa.

Nikamwambia nataka kufagia kwanza. "Pumzika," akasema, "umetoka mbali." Nikaenda mwenyewe mpaka chumbani. Hakukuwa na mahali pa kukanyaga. Magunia ya mahindi ya msimu yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dirisha, na kitanda changu kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, kimetandikwa shuka jipya lenye mikunjo ya dukani bado.

Kuku alichinjwa. Chakula kilipoletwa nikakuta firigisi kwenye sahani yangu. Firigisi nyumbani kwetu alikuwa anakula baba, na baba alipofariki ikawa ya mchungaji akija, au ya mjomba kutoka Urambo. Niliiangalia ile firigisi nikatamani kuirudisha kwenye chungu. Mama alikuwa anakula kwa utulivu upande wa pili. "Kula mwanangu," akasema, "usione haya."

Ikawa hivyo siku zote. Asubuhi nilikuta maji ya moto yameshapelekwa bafuni. Nikishika sahani kuosha, inachukuliwa mkononi mwangu kwa tabasamu. Nikichelewa kuamka, hakuna aliyenigombeza. Mama yangu ni mwanamke mwenye mdomo, aliwahi kunifokea mbele ya mchumba kwa sababu ya kufunga kanga vibaya, na sasa alikuwa ananiongelesha kama dada wa ubalozini. Jumapili tulikwenda kanisani, kanisa nilikobatizwa na nilikoimba kwaya ya watoto. Mzee wa kanisa akasema, "Wageni wetu tunaomba wasimame, tuwakaribishe." Nikabaki nimekaa. Mama akanigusa kiwiko.

"Simama," akanong'ona.

Nikasimama. Wakanipigia makofi matatu ya ukaribisho, watu walionifundisha kutembea.

Jumatatu yake nilishindwa. Bila kuuliza mtu, niliburuta magunia kutoka chumbani mpaka ghalani, moja baada ya jingine, mpaka mgongo ukaniuma kuliko ulivyouma na begi miezi mitano. Yalikuwa yanavuja pumba, na sakafu yote ikabaki na vumbi jeupe la mahindi. Nikarudisha kitanda. Halafu nikaenda kushusha ufagio.

Mama alikuwa ameshaushika.

"Nipe, mama."

"Acha. Mgeni hafagii."

"Mimi si mgeni!" Nililia kwa sauti, mtu mzima, mwalimu. "Hapa ni kwetu! Nifokee basi. Nipige. Mimi si mgeni!"

Alikaa kwenye gunia la mwisho, ambalo lilikuwa bado mlangoni, ufagio mapajani.

"Ulisema tufagie," akasema.

"Nilisema kwa ajili ya kifua chako."

"Kifua changu ni cha moshi wa bani la kukaushia tumbaku. Nimekohoa hivi tangu hujazaliwa, kila mwaka majira yaleyale, na wewe unajua. Ungeniuliza." Alikuwa anakata njiti moja ya ufagio vipande vidogo. "Mdogo wako alitaka kunisaidia nikamkatalia. Nilifagia mwenyewe. Nilianzia ukutani nikaja na nyayo zako mpaka mlangoni, zikawa zimekusanyika hapa, kidogo tu, kiganja kimoja. Nikafikiri, huyu naye kapata kwake. Nikazimwaga."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe siku hiyohiyo. Kusamehe si kazi. Lakini nikishafagia, nimefagia. Nitazitoa wapi?"

Alisimama akaenda kuangalia maharage yake, na ufagio akaondoka nao. Siku tatu zilizobaki nililala chumbani kwangu juu ya lile vumbi jeupe, na hakuna aliyelifagia, mimi kwa sababu nilikatazwa, yeye sijui kwa nini. Aliendelea kunipelekea maji ya moto.

Alhamisi asubuhi niliondoka kwenda Nzega, shule ilikuwa inafunguliwa. Mama alinisindikiza mpaka kwenye njia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuwatembelea. Nilitembea na begi langu mgongoni huku nikijua kabisa anachofanya mtu mgeni akishaondoka. Anakunja shuka, anafungua dirisha, anafagia.

Nilikuwa nimeshafika barabarani nilipokumbuka chaja ya simu. Nusura niiache. Nikarudi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ananipa mgongo, ufagio mkononi. Sakafu nzima ilikuwa nyeupe, na katikati yake nyayo zangu za asubuhi, pekupeku, kutoka kitandani mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni alipokuwa amesimama. Alikuwa anaziangalia. Akanyoosha mkono juu, akajivuta kwa vidole vya miguu maana amekuwa mfupi siku hizi, akauchomeka ufagio kwenye boriti.

Halafu akageuka akaniona.

"Wewe!" akafoka. "Umesahau nini tena? Kichwa kama kichujio! Gari itakuacha wewe, na utarudi hapa kunililia!"

"Chaja, mama. Iko pale dirishani."

"Basi ichukue, umesimama unaangalia nini?" Nilipoinua mguu akanidaka mkono kwa nguvu. "Pita pembeni, ukutani huko. Usizikanyage."

Nikapita pembeni.